Serveri imetoka kwenye rezo: namna ya kutafuta shida mbele ya kugusa data

Katika hospitali nyingi, masomo, makoperative na redio za mashariki ya Kongo, kuko leo mashini moja inayobeba kazi ya wote: serveri. Ndani yake muko fishi za wagonjwa, alama za wanafunzi, hesabu za wanamemba wa koperative ao sauti za vipindi. Siku serveri inatoka kwenye rezo, kazi inasimama. Kwenye duka la dawa hawaoni tena kile daktari aliandika, kwenye kesi hawaoni bei, na wagonjwa wanapanga mstari mpaka inje kwenye kiwanja.

Wakati ule, neno la kwanza linalosikika ni: «Serveri imekufa.» Mara nyingi haikufa. Data ziko salama kwenye diski. Kitu kilichokatika ni njia kati ya serveri na watu. Hatari kubwa inakuja nyuma, wakati mtu anakimbilia kuweka sistemu upya na kufuta diski. Hapo shida ya kable ya dola chache inageuka kuwa hasara ya fishi za miaka mingi.

Makala hii inaeleza njia ya kutafuta shida kwenye rezo ya kable, hatua kwa hatua, kuanzia kwenye moto wa umeme mpaka kwenye programu. Mifano ni ya serveri za Linux kama Debian na Ubuntu, sababu zinatumika sana kwenye ofisi ndogo. Lakini mpango ni ule ule kwa Windows.

Kwa nini serveri inafungwa na kable

Rezo ya kable inayoitwa Ethernet ilianzia Marekani mwaka 1973, kwenye maabara ya kampuni Xerox, mikononi mwa Robert Metcalfe na wenzake. Toka siku ile imebadilika sana, lakini wazo limebaki: kila mashini inatuma ujumbe wake kwenye waya, na kila mashini iko na namba yake. Wi-Fi inafaa kwa simu na ordinatere za kubeba. Kwa serveri, kable ni bora: haisumbuliwi na ukuta, haigawanyi nguvu yake na simu za wageni, na inapitisha megabiti 1000 kwa segonde bila kuyumba.

Uzuri mwingine wa kable ni kwamba shida yake inaonekana kwa macho na kwa mikono. Fundi anaweza kuifuata kutoka prizi mpaka prizi.

Maswali matatu mbele ya kugusa kitu

Fundi mzuri anaanza kwa kuuliza. Swali la kwanza: shida iko kwa mtu mmoja ao kwa wote? Kama mtu mmoja tu haoni serveri, shida iko upande wake: kable yake, ordinatere yake, pengine prizi yake. Kama wote hawaioni, lakini wenyewe kwa wenyewe wanaonana, shida iko kwenye serveri ao kwenye kable yake. Kama hakuna anayeona mwengine, suwichi, ni kusema kile kisanduku kinachounga kable zote, ndicho kinashukiwa.

Swali la pili: ilianza saa ngapi? Mara nyingi jibu ni «toka moto ulirudi», «toka mvua ya jana usiku», ao «toka walihamisha meza». Jibu kama lile linafupisha kazi ya nusu siku.

Swali la tatu: nani alibadilisha nini? Hapa inafaa kuuliza bila kutisha watu. Mfanyakazi akiogopa kulipishwa, atanyamaza, na fundi atazunguka bure.

Hatua ya 1: moto na taa ndogo

Mahali umeme unakatika mara kwa mara, serveri inakaaka kwenye onduleri, lakini suwichi wanaisahau. Moto ukikatika, serveri inaendelea kuzunguka, watu wenye ordinatere za kubeba wanaendelea pia, lakini suwichi imezimika katikati yao. Kila mtu anasema serveri iko na shida, kumbe hakuna kitu kinachowaunga. Kwa hiyo suwichi na ruteri, nazo pia, zifungwe kwenye onduleri. Zinakula umeme kidogo sana.

Kisha fundi aangalie taa ndogo pembeni ya tundu la kable, nyuma ya serveri na kwenye suwichi. Taa inayowaka maana yake pande mbili zinasikiana. Taa inayochezacheza maana yake ujumbe unapita. Taa iliyozimika pande zote mbili inasema shida iko kwenye kable, kwenye tundu, ao upande mmoja hauna moto. Hapo hakuna lazima ya kuandika amri yoyote; ni kazi ya mikono kwanza.

Adaptateri ya suwichi nayo inadanganyaka. Ikichoka, taa ya moto inawaka vizuri, lakini nguvu haitoshi, na suwichi inajizima na kujiwasha yenyewe. Kujaribu na adaptateri nyingine ya volti ile ile, na yenye ampere sawa ao zaidi, kunaonyesha ukweli. Volti tofauti inaweza kuunguza suwichi.

Hatua ya 2: kable

Njia ya haraka kuliko zote ni kubadilisha: kuchukua kable fupi inayojulikana kuwa nzima, kuifunga kutoka serveri mpaka suwichi, na kuangalia taa. Ikiwaka, kable ya zamani ndiyo mgonjwa. Isipowaka, fundi ajaribu tundu lingine la suwichi, kisha tundu lingine la serveri.

Kable ya rezo ya shaba isipite metre 100 kati ya mashini mbili. Ikipita hapo, pengine itafanya kazi asubuhi na kukatakata saa sita. Kama majengo yako mbali zaidi, suwichi iwekwe katikati.

Ndani ya kable muko nyaya nane, mbili mbili zimesukwa. Utaratibu unaotumika sana, kuanzia namba 1 mpaka 8, ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Fundi akikamata kichwa cha RJ45 na upande wa ulimi mdogo ukiangalia chini, namba 1 iko kushoto. Pande zote mbili za kable zifuate utaratibu ule ule. Kosa la mara nyingi ni kuweka kijani mbili pamoja kwenye namba 3 na 4, sababu inaonekana vizuri kwa macho. Testeri ndogo inaweza kuonyesha taa zote nane, lakini nyaya hazikusukwa sawa na mwendo unaharibika.

Kuko alama moja inayosaidia sana. Megabiti 100 kwa segonde inatumia nyaya nne tu: 1, 2, 3 na 6. Megabiti 1000 inatumia zote nane. Kama serveri na suwichi vinaweza kwenda 1000 lakini vinasikiana kwa 100 tu, mara nyingi waya mmoja kati ya 4, 5, 7 na 8 umekatika ao haukubanwa vizuri. Kazi inaendelea, lakini polepole, na watu wanalaumu programu.

Kwenye masoko kuko pia kable za bei ya chini ambazo nyaya zake ni aliminium iliyopakwa shaba. Inatosha kukwangua waya na kisu: ikionekana nyeupe ndani, si shaba. Waya kama ule unavunjika upesi ukikunjwa, na haufai kwa serveri. Mwisho, fundi asisahau panya. Kable iliyopita juu ya plafo iangaliwe yote, si vichwa tu.

Hatua ya 3: karte ya rezo

Kama taa inawaka lakini serveri haionekani, sasa inafaa kukaa mbele yake na skrini na klaviye. Amri ya kwanza ni `ip link`. Inaonyesha kila karte ya rezo na hali yake. Ikiandika `NO-CARRIER`, sistemu inaona karte lakini haisikii kitu kwenye kable: fundi arudi kwenye hatua ya 2. Kama ndani ya alama `< >` hakuna neno `UP`, karte imezimwa na sistemu yenyewe; amri `ip link set eno1 up`, ikiandikwa na mwenye haki za mkubwa wa mashini, inaiwasha. Jina `eno1` ni mfano. Kila serveri iko na lake.

Amri `ethtool eno1` inasema zaidi: kama kable inasikika, mwendo ni megabiti ngapi, na kama pande mbili zinaweza kusema na kusikia wakati mmoja (`Duplex: Full`). Ikiandika `Half` kwenye suwichi ya siku hizi, mara nyingi mtu alilazimisha mwendo upande mmoja na upande mwingine ukabaki kujichagulia. Dawa ni kuacha pande zote mbili zipatane zenyewe.

Serveri nyingi ziko na matundu mawili ao manne, na jina la kila moja halikuandikwa nyuma. Amri `ethtool -p eno1` inafanya taa ya tundu lile ipepese, na fundi anajua ni lipi. Kwenye serveri kubwa muko pia tundu la pekee la kusimamia mashini kutoka mbali. Kable ikiingizwa pale kwa bahati mbaya, taa inawaka vizuri sana, lakini sistemu haioni kitu.

Kosa lingine linatokeaka nyuma ya kubadilisha karte ao kuihamisha ndani ya mashini: jina lake linabadilika. Linux za siku hizi zinapea karte jina kufuatana na mahali iko. Iliyokuwa `enp3s0` inaweza kuwa `enp4s0`, na faili ya mipango inaendelea kutafuta jina la zamani. Serveri inawaka bila adresi. Kwenye Debian, mipango ile iko mara nyingi kwenye `/etc/network/interfaces`. Kwenye Ubuntu, iko ndani ya `/etc/netplan`.

Hatua ya 4: adresi

Amri `ip addr` inaonyesha adresi ya serveri, kwa mfano 192.168.1.10. Kwenye Windows ni `ipconfig /all`. Hapa kuko shida tatu zinazorudi.

Ya kwanza: hakuna adresi, ao kuko inayoanza na 169.254. Ile adresi mashini inajipea yenyewe kama iliomba adresi na hakuna aliyejibu. Maana yake ruteri inayogawa adresi imezimika ao haifikiki.

Ya pili: adresi imebadilika. Kama serveri inapokea adresi kutoka ruteri, siku ruteri inazimika na kurudi, inaweza kuipea nyingine. Serveri iko nzima, lakini ordinatere zote zinaendelea kubisha kwenye mlango wa zamani. Ndiyo maana serveri inapewa adresi isiyobadilika, ambayo ruteri haitaigawa kwa mtu mwingine.

Ya tatu ndiyo inachosha watu: mashini mbili zenye adresi moja. Rezo inakatika na kurudi bila sababu, kwa wengine iko, kwa wengine haiko. Kujua ni rahisi: fundi atoe kable ya serveri, kisha kutoka ordinatere nyingine aandike `ping 192.168.1.10`. Kama kuko anayejibu wakati serveri imetolewa, kuko mgeni. Mara nyingi ni imprimante, kamera ao simu ya mtu.

Hatua ya 5: kupanda ngazi na ping

Programu ndogo ya ping iliandikwa na Mike Muuss mwaka 1983, na mpaka leo hakuna chombo rahisi kuliko ile. Fundi anapanda ngazi moja moja kutoka serveri:

- `ping -c 4 192.168.1.1`, ni kusema ruteri ya ndani. Ikijibu, kable, karte na adresi viko sawa.
- `ping -c 4 8.8.8.8`, adresi ya inje kwenye intaneti. Isipojibu wakati ruteri inajibu, shida iko kwenye ruteri, kwenye antene, kwa mwenye kuuzisha intaneti, ao serveri haijui njia ya kutoka.
- `ping -c 4` na jina la tovuti. Kama namba inajibu lakini jina halijibu, intaneti iko. Ni ile huduma ya kugeuza majina kuwa namba ndiyo imekosekana.

Njia ya kutoka inaonekana kwa `ip route`. Lazima kuwe mstari unaoanza na `default`. Serveri yenye karte mbili na mistari miwili ya `default` inaweza kutuma majibu kwa mlango usiofaa.

Angalisho moja: kunyamaza kwa ping si ushuhuda peke yake. Mashini nyingi za Windows hazijibu ping ingawa ziko nzima.

Tena, intaneti kukatika si sababu ya kazi ya ndani kusimama. Serveri ya hospitali iliyo ndani ya nyumba inafaa kuonekana na ordinatere za ndani hata kama antene ya intaneti imeanguka. Ikiwa haionekani, mara nyingi ordinatere zinatafuta serveri kwa jina, na jina lile linatoka kwenye huduma ya inje.

Hatua ya 6: rezo iko, huduma haiko

Serveri ikijibu ping lakini programu haifunguki, kable haina kosa tena. Amri `ss -ltn` inaonyesha milango ambayo serveri inasikiliza. Kama mlango wa programu haumo, programu haikuwaka. Pengine nyuma ya moto kukatika diski imejaa ao data inaomba kutengenezwa. Kama mlango umo, programu ya ulinzi inayochuja wanaoingia iangaliwe, kwa mfano na `ufw status`.

Kuko pia shida inayojificha: saa ya mashini. Ndani ya serveri muko batri ndogo ya duara inayolinda tarehe wakati hakuna moto. Ikiisha, kila moto ukikatika mashini inarudi kwenye tarehe ya zamani. Hapo kurasa zenye ulinzi zinakataa kufunguka, na watu wanafikiri ni rezo. Amri `date` inaonyesha ukweli. Batri ile, mara nyingi aina ya CR2032, inabadilishwa kwa dakika chache.

Kama rezo yote imeganda

Siku ingine taa zote za suwichi zinapepesa pamoja, kwa haraka sana, na hakuna kinachopita. Mara nyingi mtu aliona kable inaninginia, akaiingiza kwenye suwichi ile ile ambako kichwa kingine kimeshafungwa. Ujumbe unazunguka bila mwisho kwenye kitanzi kile na kujaza rezo. Suwichi za bei kidogo hazijui kujilinda na kitanzi. Dawa: kutoa kable moja moja mpaka taa zitulie. Ile ya mwisho kutolewa ndiyo yenye kosa.

Radi, adui wa kable ndefu

Kwa mashariki ya Kongo, sehemu hii ni ya maisha ya kila siku. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016, kwa kutumia hesabu za satelaiti kutoka 1998 mpaka 2013, ulionyesha kwamba Kabare, katika Kivu ya Kusini, ndiyo pahali pa kwanza Afrika kwa wingi wa radi: karibu 205 kwa kila kilometre ya mraba kwa mwaka. Duniani, ni ziwa Maracaibo la Venezuela tu linalopita. Kampene, katika Maniema, inafuata Kabare Afrika.

Radi haihitaji kupiga nyumba. Ikianguka karibu, inasukuma umeme ndani ya kila waya mrefu, na kable ya rezo inayopita inje kati ya majengo mawili ni waya mrefu. Tundu la Ethernet limetengenezwa kuvumilia kama volti 1500. Radi inapita hapo mbali. Asubuhi, serveri inawaka vizuri, lakini tundu lake halisikii tena kitu, na matundu mawili matatu ya suwichi yamekufa pamoja.

Kati ya majengo, fibre optique ndiyo ulinzi mzuri, sababu inabeba mwangaza, haibebi umeme. Bei ikiwa nguvu, antene mbili ndogo zinazoangaliana zinasaidia kuliko shaba ya inje. Mvua kubwa ikionekana inakuja na ofisi imefungwa, serveri izimwe vizuri, kisha itolewe kwenye prizi na kable ya rezo itolewe pia. Wengi wanatoa ya umeme na kusahau ya rezo.

Kama tundu la serveri limeungua, mashini haikufa. Tundu la pili linaweza kuchukua kazi, ao karte ndogo ya USB, kwa muda. Adresi ya zamani iwekwe kwenye tundu jipya, na iondolewe kwenye lile lililoungua.

Mambo ya kuepuka

Hapana kuweka sistemu upya sababu ya rezo. Hapana kukubali fundi afute diski kabla hajaonyesha kwamba kable nyingine, tundu lingine na adresi vimejaribiwa. Hapana kubadilisha mambo matatu kwa mara moja: likipona, hakuna atakayejua ni lipi lilikuwa gonjwa. Na hapana kubadilisha adresi ya serveri kutoka mbali bila mtu kukaa mbele yake. Kwenye Ubuntu, amri `netplan try` inasaidia: kama hakuna aliyethibitisha ndani ya segonde 120, inarudisha mipango ya zamani.

Kila serveri inastahili daftari moja ndogo, ya karatasi, karibu yake: adresi yake, adresi ya ruteri, jina la karte, tundu gani la suwichi, na tarehe ya kila badiliko. Iwe pia kable moja nzima ya akiba, imejaribiwa. Nakala ya data ikae kwenye diski nyingine isiyofungwa kwenye mashini ile. Ofisi iliyo na vitu hivyo vitatu inaweza kuita fundi yeyote, hata mgeni, na hakuna fishi ya mgonjwa itakayopotea sababu ya waya.